Sura ya Tano: Nyumba Bila Ardhi, Mkopo Bila Hati

Katika Majengo, Kisauni, Likoni na mitaa mingine ya Mombasa, nyumba yaweza kuwa ya mtu mmoja na ardhi iliyo chini yake ikawa ya mwingine. Wenyeji huiita nyumba bila ardhi. Aliyeijenga anaweza kuiuza, kuirithisha wanawe au kuipangisha, maadamu kila mwezi anampelekea mwenye ardhi, au wakala wake, kodi ya kiwanja. Kwa umbo, nyingi ni zile nyumba za Kiswahili ambazo kila mtu wa Pwani anazijua: baraza mbele, mlango mkubwa, ukumbi mrefu unaopita katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, na nyuma uani penye choo, bafu, jiko na mapipa ya maji. Kila chumba kina kufuli lake na mpangaji wake. Anayebeba mizigo bandarini analala ukuta kwa ukuta na mama anayekaanga mihogo, na pengine mwenye nyumba mwenyewe anaishi katika chumba cha mbele. Nyumba hizi zimewasitiri watu wa mji kwa zaidi ya karne moja. Lakini mwenye nyumba akienda benki kuomba fedha za kubadilisha paa lililooza au kuongeza choo cha pili, swali la kwanza analoulizwa ni nambari ya hatimiliki, na mazungumzo huishia hapo.

Benki haikatai kwa chuki. Inakataa kwa sababu vipimo vyake vilitengenezwa kupima kitu kingine. Rehani inataka ardhi na nyumba viwe mali moja, na mwenye nyumba hii hana ardhi. Mthamini anataka kulinganisha na nyumba ya familia moja iliyouzwa jirani, na hii ina familia sita zinazotumia choo kimoja. Afisa wa mikopo anataka hati ya mshahara, na mapato ya nyumba hii huja kidogo kidogo, kutoka mikononi mwa watu sita, katika tarehe sita tofauti. Hoja ya sura hii ni kwamba nyumba ya namna hii inakopesheka, ila haikopesheki kwa rehani. Thamani yake imo katika mambo mawili: kodi ya vyumba, na maelewano kati ya mwenye nyumba na mwenye ardhi. Anayetaka kuifadhili ajifunze kuyapima hayo mawili, akopeshe kwa awamu fupi, na aandike mkataba wenye sahihi tatu badala ya mbili. Hapo atakuta biashara iliyo salama kuliko inavyoonekana kutoka nyuma ya meza ya benki.

Ili kuelewa kwa nini nyumba na ardhi viliachana, tuanzie mwaka 1895, Uingereza ilipotangaza himaya yake Afrika Mashariki na kuanza kuutawala ukanda wa maili kumi wa Pwani, ambao ulibaki kwa jina kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1908 ilitungwa sheria ya hati za ardhi ya Pwani, iliyomtaka kila anayedai ardhi aende kuandikisha madai yake. Waliojua njia za ofisi, wenye karatasi na mashahidi, walipata vyeti. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali ya Kifalme. Wengi walioishi na kulima bila karatasi walijikuta wageni pale walipozaliwa. Wakati huohuo reli, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, pamoja na bandari, zilivuta watu kutoka kila upande, na watu hao walihitaji pa kulala. Wenye ardhi wakaona faida ya kugawa mashamba yao kuwa viwanja vya kukodisha, na wajenzi wakapata mahali pa kuweka nyumba bila kununua ardhi. Mpango huo haukuwa mgeni kwa desturi za Pwani. Huku mnazi waweza kuwa wa mtu mmoja na shamba la mwingine, na hakuna anayeshangaa. Sheria ya Kiingereza ndiyo iliyoona ajabu, kwa kuwa kanuni yake ya zamani husema kilichoshikamana na ardhi ni cha mwenye ardhi. Mahakama za Kenya zimewahi kuutambua mpango wa nyumba bila ardhi kuwa desturi hai ya Pwani. Fomu za mikopo bado zinafuata ile kanuni ya Kiingereza.

Nyumba hizo zilijengwa kwa fedha gani, basi, kama benki hazikuzikopesha? Zilijengwa kwa akiba, kwa vyama vya kuchangishana, kwa mikopo ya ndugu, na zaidi ya yote kwa kodi ya vyumba vyenyewe. Chumba cha kwanza kikishaezekwa hupangishwa, na kodi yake hununua fito na boriti za chumba cha pili. Pumwani ya Nairobi, iliyoanzishwa miaka ya 1920 kwa mtindo uleule wa nyumba za vyumba juu ya ardhi isiyo ya mjenzi, ni ushahidi mwingine. Mtafiti Janet Bujra ameonyesha jinsi wanawake wa mji ule walivyoweka akiba zao, wakajenga, wakapangisha na kujipatia uhuru ambao ajira ya kikoloni haikuwapa. Kwa hiyo nyumba hizi hazina kasoro ya kushindwa kujilipa, maana zimejilipa kwa vizazi. Kasoro yao ni mwendo wa polepole. Anayejenga kwa kodi ya mwezi kwa mwezi hubandika bati moja leo na jingine baada ya Ramadhani. Ukuta wa udongo hungoja saruji miaka, na mvua za masika haziungoji. Choo huwa cha mwisho katika foleni kwa sababu choo hakilipi kodi. Mkopo mdogo, uliopimwa vizuri, ungeipunguza kazi ya miaka kumi ikawa ya miaka miwili, na mpangaji asingelazimika kuhamisha godoro kila mvua inapopata tundu jipya.

Pingamizi la kwanza na lenye nguvu zaidi husema kwamba dawa ni hati: wapeni watu hatimiliki, na mikopo itafuata yenyewe. Wazo hilo lilienezwa sana na mwanauchumi wa Peru, Hernando de Soto, katika kitabu chake The Mystery of Capital cha mwaka 2000, aliposema kwamba mali za maskini ni mtaji mfu kwa kukosa karatasi. Tanzania ilifuata njia hiyo ilipoanzisha MKURABITA, mpango wa kurasimisha rasilimali na biashara za wanyonge, mwaka 2004, na katika miaka hiyohiyo wakazi wa Dar es Salaam wakaanza kupewa leseni za makazi chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Leseni ziliwapa wengi utulivu wa moyo, lakini waliozitumia kupata mikopo ya nyumba walikuwa wachache kuliko ilivyotumainiwa. Peru kwenyewe, ambako zaidi ya hati milioni moja zilitolewa mijini, uchunguzi wa Erica Field na Máximo Torero ulionyesha kuwa hati hazikuongeza uwezekano wa mtu kukubaliwa na benki binafsi. Zilisaidia kwa taasisi ya umma iliyokuwa ikikopesha vifaa vya ujenzi. Argentina nako, Sebastián Galiani na Ernesto Schargrodsky waliwalinganisha majirani wa kitongoji kimoja cha Buenos Aires, wengine waliopata hati na wengine waliokosa kwa sababu tu mwenye ardhi wao alikwenda mahakamani kupinga fidia. Waliopata hati waliboresha nyumba zao zaidi, ila katika kupata mikopo tofauti ilikuwa ndogo sana.

Ushahidi huo una sehemu mbili, na zote mbili zina maana kwetu. Sehemu ya kwanza ni kwamba usalama wa kukaa mahali una thamani yake, kwa kuwa mtu asiyeogopa kufukuzwa hujenga kwa moyo. Kwa hiyo simpingi anayedai hati kwa watu wa Mombasa. Dai hilo ni la haki, na historia ya mwaka 1908 yatosha kulieleza. Sehemu ya pili ni kwamba hati peke yake haimleti mkopeshaji. Kenya ina kaya milioni 12.1 kwa sensa ya mwaka 2019, ilhali mikopo yote ya rehani ya mabenki nchini ni kama 30,000. Wakenya wenye hatimiliki ni wengi mara nyingi kuliko idadi hiyo. Kinachowazuia ni kiasi cha mkopo, riba, muda, gharama za mawakili na wathamini, na mapato yasiyo na stakabadhi. Ukimpa mwenye nyumba ya vyumba sita hatimiliki kesho asubuhi, jioni bado atakuta benki imefunga mlango, safari hii kwa sababu kodi yake hulipwa taslimu na choo chake ni cha pamoja. Kumwambia angoje hati kwanza ni kumwambia angoje kitu ambacho hata kikija hakitamtoa alipo.

Tuirudie basi nyumba yenyewe, tuipime kwa mapato yake. Hesabu ifuatayo ni ya mfano, na msomaji aibadilishe kulingana na mtaa wake. Nyumba ina vyumba sita, mwenyewe anakaa kimoja na vitano vimepangishwa kwa shilingi 3,500 kila kimoja. Kodi ya mwezi ni 17,500. Mkopeshaji mwangalifu asihesabu vyote vitano. Achukulie kwamba chumba kimoja kitakuwa kitupu wakati wote, abaki na 14,000. Atoe 1,000 ya kodi ya kiwanja na 2,500 ya maji na matengenezo, zibaki 10,500. Sasa mwenye nyumba anataka shilingi 180,000 za mabati mapya na choo cha pili. Kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka juu ya salio linalopungua, na kwa muda wa miezi 24, rejesho la kila mwezi ni karibu shilingi 9,000. Nyumba inalipa, na inabakiwa na 1,500. Vyumba viwili vikiwa vitupu kwa pamoja, kinachopatikana ni 7,000, na pengo la mwezi ni 2,000. Ikiwa mkopeshaji aliweka kando akiba ya rejesho moja tangu mwanzo, pengo hilo linafunikwa kwa miezi minne. Ni nadra vyumba vya bei hiyo, karibu na bandari na soko, vikakosa watu kwa muda wote huo.

Hapa ndipo kile ambacho benki hukiona udhaifu kinapogeuka kuwa nguvu. Nyumba iliyopangishwa kwa familia moja hulipa yote au hailipi kitu. Mpangaji akihama, kodi yote imeondoka naye. Nyumba ya vyumba ina wapangaji watano wenye kazi tano tofauti, na mabaya ya mmoja mara chache huwa mabaya ya wote. Fundi cherehani akikosa wateja, yule wa bandarini bado analipwa. Mkopeshaji yeyote anajua kwamba ni heri kukopesha watu wengi kidogo kidogo kuliko kumkopesha mmoja fedha nyingi. Nyumba hii imebeba hekima hiyo ndani ya kuta zake, ila hesabu ya mthamini haina safu ya kuiandikia.

Pingamizi la pili ni la ushahidi. Mkopeshaji atajuaje kwamba chumba kinalipa 3,500, wakati hakuna mkataba wala risiti? Miaka ishirini iliyopita swali hili lingekuwa gumu. Lakini M-Pesa ilianza mwaka 2007, na leo sehemu kubwa ya kodi za vyumba hupita katika simu. Taarifa ya miezi kumi na miwili ya namba moja ya simu inaonyesha nani alilipa, lini, na mwezi gani alichelewa. Ni ushahidi ulio wazi kuliko hati nyingi za mshahara, kwa sababu unaonyesha tabia ya malipo wakati wa Ramadhani, wakati wa karo za shule, na wakati biashara ya mji ilipolala. Palipo na kodi ya taslimu, daftari la kodi lililotiwa sahihi na mpangaji mwenyewe kila mwezi kwa miezi sita linaweza kuanzisha safari. Na kuna njia ya zamani isiyopitwa na wakati: afisa wa mikopo akae barazani siku ya tano ya mwezi, azungumze na wapangaji, aangalie uani. Chumba chenye pazia, jiko na kamba ya nguo hakijifichi. Kazi hiyo ina gharama, kweli, lakini ni ndogo kuliko ripoti ya mthamini, uchunguzi wa hati na ada ya wakili ambazo rehani hudai hata kwa mkopo mdogo.

Pingamizi la tatu ndilo linalomnyima mkopeshaji usingizi, na halifai kupuuzwa. Mwenye ardhi akiuza shamba, au akafa na warithi wake wakataka viwanja, nyumba iliyokopewa itasimama juu ya nini? Hofu hii ina msingi. Pwani imeona watu wakiondolewa mahali walipokaa vizazi, na wengi wa wenye ardhi wanaishi mbali, wanaonekana kupitia wakala tu. Jibu langu la kwanza ni mkataba wa sahihi tatu: mwenye ardhi, mwenye nyumba na mkopeshaji. Ndani yake mwenye ardhi akubali kwa maandishi kwamba upangaji wa kiwanja utadumu angalau mwaka mmoja kupita mwisho wa mkopo. Aahidi kumpa mkopeshaji notisi kabla ya hatua yoyote dhidi ya mwenye nyumba, na amruhusu mkopeshaji kulipa kodi ya kiwanja iliyochelewa ili kuokoa upangaji. Mkataba uandikwe kisheria na usajiliwe, ili umfunge pia atakayenunua au kurithi ardhi hiyo. Mwenye ardhi naye hapotezi. Kodi yake ya kiwanja itakatwa kwanza katika mapato ya nyumba na kufika kwake kwa tarehe, jambo ambalo mawakala wengi hulikimbilia mwezi mzima bila kulipata. Ikiwa anaogopa kwamba karatasi hiyo itageuka dai la umiliki, kifungu kimoja kinachotamka kwamba ardhi inabaki yake kitamtuliza.

Jibu la pili ni ukubwa na muda wa mkopo wenyewe. Nyumba isiyo na ardhi haifai mkopo wa miaka ishirini, na atakayeutoa anajitafutia hasara. Inafaa mkopo wa miezi 18 au 24, unaomaliza kazi moja inayoonekana: paa, au choo, au kuta mbili za matofali badala ya udongo. Ukilipwa, unafuata mwingine. Mwenye nyumba amezoea kujenga hivyo tangu zamani, na mkopo unaofuata mwendo wake una nafasi nzuri ya kulipwa kuliko unaomlazimisha mwendo wa mtu mwingine. Peru imeonyesha njia: benki ya Mibanco ilianzisha mikopo ya nyumba iitwayo Micasa mwaka 2000, mikopo midogo ya muda mfupi ya kutengeneza au kuongeza vyumba, ikitazama uwezo wa mkopaji kulipa kuliko rehani. Mkopo mfupi pia hupunguza uzito wa hofu. Uwezekano wa shamba kuuzwa ndani ya miaka miwili, huku mkataba uliosajiliwa ukiwepo, ni mdogo sana kuliko ndani ya miaka ishirini, na kila rejesho linalolipwa hupunguza kilichobaki hatarini.

Jibu la tatu linahusu siku mambo yanapoharibika. Katika rehani dawa ni mnada: familia inatoka, nyumba inauzwa, mara nyingi kwa bei ya kutupa na baada ya kesi ndefu. Katika nyumba ya vyumba ipo dawa iliyo laini na ya haraka. Mkataba umruhusu mkopeshaji, baada ya marejesho mawili kukosekana, kupokea kodi ya vyumba moja kwa moja mpaka deni limalizike. Wapangaji wanabaki vyumbani mwao, wakibadilisha tu namba wanayotumia kulipa. Mwenye nyumba anabaki na nyumba yake, na deni linalipwa na kilekile kilichokusudiwa kulilipa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2017 kuhusu dhamana za mali zinazohamishika imeshafungua fikra za wakopeshaji kwamba fedha ambazo mtu atalipwa kesho zinaweza kuwa dhamana leo. Mtungaji mzuri wa mikataba anaweza kuileta fikra hiyo mpaka barazani.

Kwa Pwani, kuna jambo jingine ambalo mkopeshaji akilisahau atakosa nusu ya wateja wake. Waislamu wengi hawataki riba, na wamekaa mbali na benki kwa sababu ya imani yao, hata pale walipokuwa na uwezo wa kulipa. Tangu mwaka 2008 Kenya imekuwa na benki zinazoendeshwa kwa misingi ya Kiislamu, na chombo chao cha murabaha kinaifaa nyumba bila ardhi kana kwamba kilibuniwa kwa ajili yake. Benki hununua mabati, saruji na mbao kutoka dukani, kisha humuuzia mwenye nyumba kwa faida iliyotajwa waziwazi, naye hulipa kwa awamu. Benki haidai sehemu ya ardhi ambayo mteja hana. Isitoshe, fedha zinakwenda kuwa bati juu ya paa. Haziwezi kuishia katika harusi au deni la zamani. Kile walichokiona Field na Torero kule Peru, kwamba mkopeshaji wa vifaa ndiye aliyewafikia wasiofikiwa na benki, kinapata hapa mwenzake mwenye mizizi ya Pwani.

Pingamizi la nne linatoka kwa watu wenye huruma, nalo linastahili jibu la huruma. Wanasema kukopesha nyumba hizi ni kudumisha makazi duni, na kwamba mwisho wake mpangaji maskini ndiye atakayelipa mkopo kwa kupandishiwa kodi. Kuhusu la kwanza, nyumba hizi zitakuwepo tukopeshe au tusikopeshe, kwa sababu watu wa bandari na soko hawana pengine pa kulala kwa bei hiyo. Lililo mikononi mwetu ni kama zitakuwa na choo kizuri au kibovu. Mkopo unaweza kubeba masharti ya ubora. Grameen Bank ya Bangladesh ilipoanza mikopo ya nyumba mwaka 1984, ilidai nguzo za zege na choo katika kila nyumba, na mwaka 1989 mpango huo ukapata Tuzo ya Usanifu ya Aga Khan. Nasi tuseme hivi: mkopo wa paa usitolewe mpaka choo kiwe katika mpango. Kuhusu la pili, kanuni iwe kwamba mkopo ulipwe na kodi ya leo. Ikiwa hesabu inasimama tu kwa kupandisha kodi, mkopo ni mkubwa mno na ukataliwe. Mfano wetu wa shilingi 180,000 ulilipika kwa 3,500 ileile, na chumba kimoja kikiwa kitupu. Kanuni hiyo humlinda mpangaji, na humlinda mkopeshaji vilevile, kwa kuwa anayebanwa na kodi huhama, na chumba kitupu hakilipi mtu.

Bado lipo swali la nani aanze. Benki kubwa ina haki ya kusema kwamba fedha ilizonazo ni amana za watu, na haiwezi kujifunzia biashara mpya kwa fedha hizo. Kwa hiyo waanze waliozoea mikopo midogo na walio karibu na mtaa: vyama vya akiba na mikopo (SACCO), taasisi ndogo za fedha na benki za Kiislamu. Lakini vyama hivyo vina fedha za muda mfupi na mifuko myembamba. Kenya tayari ina Kenya Mortgage Refinance Company, iliyoundwa mwaka 2018 ili kuzipa benki na SACCO fedha za muda mrefu za kukopesha nyumba, ila imejengwa juu ya rehani na hati. Serikali ya Kaunti ya Mombasa na Serikali Kuu zingeweza kuweka kando mfuko wa dhamana wa kubeba sehemu ya hasara katika mikopo ya nyumba bila ardhi, kwa sharti kwamba mkopeshaji naye abebe sehemu yake. Asiyebeba hasara hachunguzi vizuri. Baada ya miaka michache ya marejesho yaliyoandikwa, hata benki kubwa itakuwa na kitu cha kusoma mbali na hofu yake.

Wapo watakaosema kazi yote hii ni kubwa kwa nyumba ya vyumba sita yenye kuta za udongo. Wajiulize ni watu wangapi wanalala katika nyumba hiyo. Mji wenye watu milioni 1.2, kama Mombasa ilivyohesabiwa mwaka 2019, hauwezi kuwaweka wafanyakazi wake wote katika fleti za rehani, na ule uchumi wa bandari unaojivuniwa na nchi nzima huamka kila alfajiri kutoka vyumba hivyo. Fomu ya mkopo ibaki na mstari wake wa nambari ya hatimiliki kwa wenye nayo. Chini yake iongezwe mistari mitatu: vyumba vingapi vinalipa, mwenye ardhi ametia sahihi wapi, na choo kitajengwa lini. Mwenye nyumba wa Majengo anaweza kuijaza yote mitatu kwa kalamu yake mwenyewe, na mkopeshaji akishaisoma ataijua nyumba ile vizuri kuliko ambavyo hati yoyote ingemweleza.